Kulungu na elki, risasi ileile?

Msimu wa kuwinda unakaribia na swali ni lilelile: risasi ya kulungu inamfaa elki, yule jamaa mkubwa wa kulungu wa Amerika Kaskazini? Mimi natumia .30-06, aina ya risasi ya tangu 1906, na bado naamini tunabishana sana kuhusu bunduki huku tukisahau kichwa cha risasi, ile sehemu inayoruka, ambayo ndiyo inayomgusa mnyama.

Kulungu ana mbavu nyepesi. Kichwa cha greni 150 (kipimo cha uzito, ni kama gramu 10) kinachofunguka haraka kikigonga kinammaliza palepale. Elki ni habari nyingine kabisa. Dume aliyekomaa hupita kilo 300, na kichwa laini kikikutana na mfupa wa bega kinaweza kupasuka kabla ya kufika mapafuni. Hapo napanda hadi greni 180, tena za shaba tupu.

Msimu uliopita, tukimchuna dume, nilikuta kichwa cha risasi kimenasa chini ya ngozi ya upande wa pili. Kilikuwa kimechanua petali nne, kimevunja bega na kutoboa mapafu yote mawili, na shina lake likiwa zima.

Shaba nayo ina masharti: inataka kasi ndipo ichanue, kwa hiyo mbali sana sifyatui. (Wa California hawana cha kuchagua, risasi zenye madini ya risasi zilipigwa marufuku kwa uwindaji tangu Julai 2019.)

Na kabla hujanunua maboksi mengi, jaribu moja kwanza. Bunduki nyingine hazielewani kabisa na shaba, matundu yanatawanyika hata kwa mita 100.