Shuka la Martin

Leo tarehe 3 Novemba, nimetoka misa ya asubuhi Minara Miwili, kanisa letu Katoliki hapa Mji Mkongwe Unguja, nikakata vichochoro mpaka nyumbani Mkunazini, na njia nzima nnamuwaza Mtakatifu Martin de Porres, mana leo ndo sikukuu yake, na padri kamtaja kidogo tu kisha akapita, mie nikabaki nae.

Kazaliwa Lima, Peru, mwaka 1579, baba Mspania wa hadhi, mama mweusi alokuwa mtumwa akaachwa huru, na baba hakumuoa. Rangi ikamfata mpaka kwa Wadominikani, shirika la watawa wa Kikatoliki, sheria za wakati ule zilikataa mtu kama yeye awe mtawa kamili, basi akaingia kama mtumishi, afagie, afue, awanyoe wenziwe. Unyozi kajifunza angali mtoto, na kinyozi wa enzi hizo ndo huyo huyo anaetoa damu na kufunga vidonda, kama hawa wetu wa kupiga chuku, ndo akaishia chumba cha wagonjwa miaka na miaka.

Inasimuliwa kuwa nyumba yao ilipobanwa na madeni Martin alimwendea mkuu wake akamwambia niuze mimi. Niuze! Mtoto wa mama alokuwa mtumwa. Mie nakaa hatua chache tu kutoka lilipokuwa soko la watumwa, lilofungwa mwaka 1873, nimekua nikipita pale kwenda dukani, na neno hilo leo limenisisimua mwili.

Lakini linaloniuma zaidi ni lile la shuka. Alimlaza kitandani kwake mzee ombaomba mwenye vidonda mwili mzima, bruda mmoja akamkemea, yeye akamjibu kuwa shuka litatakata kwa sabuni kidogo, ila ukali kwa maskini hautoki rohoni hata ulie machozi yote.

Wiki ilopita nimeshafagia baraza kwa chelewa, nimeshamwaga maji, akatokea mama mtu mzima, mguu kaufunga kitambaa kimeloa usaha, akaomba akae kidogo. Nikamwambia, "Bibi, hapajakauka bado." Akanambia, "Haya mwanangu," akajikokota, kandambili moja imekatika ukanda kaifunga kwa uzi wa kushonea. Bi mkubwa wa mlango wa pili ndo alomwita, "Njoo ukae dadaangu," akamtolea chai na mkate wa mofa, mie hapo hapo nimesimama na ufagio wangu, na nyama ya mdomo imenikauka. Mie naesema rozari kila usiku.

Maji yalikauka hata chai yake hajaimaliza.

Jioni hii nimekwenda kumuuliza Bi mkubwa kama anamjua yule mama. Kanambia ni mtu wa shamba, kaja mjini kwa ajili ya mguu, na kasema atarudi Jumatatu kubadilisha kitambaa. Nimenunua kandambili, kipimo nimekisia kwa macho.