Nimesoma masta ya mipango miji, shangazi kaninunia

Tangu niseme nyumbani kwamba nasoma masta ya mipango miji nimegeuka afisa ardhi wa ukoo. Mjomba anataka kiwanja Kigamboni cha bei chee, binamu anauliza hati inachukua muda gani, na shangazi yangu wa Chanika yeye akipiga simu hata salamu hazijaisha, "vipi baba, kile kikaratasi changu cha mauziano kitakuwa hati lini?" Nimeeleza mpaka basi kwamba mimi mwanafunzi tu, nasomea kwa nini mji umekaa hivi ulivyokaa. Anacheka, eti sasa hayo nayo ya kusomea miaka miwili?

Mwaka wa kwanza ni kusoma hasa. Kuna masta plani, yaani mpango mkuu wa mji, ya Dar ya 1949 ya Waingereza, halafu ya 1968 na ya 1979 zilizochorwa na Wakanada, ukizitandaza mezani unaanza kuona vitu ambavyo unavipita kila siku na daladala. Mimi Mnazi Mmoja nilikuwa najua ni uwanja wa sherehe na wa kupumzikia jua likiwa kali, kumbe wakoloni waliacha pale wazi makusudi ili Kariakoo ya Waafrika isigusane na upande wa mjini wa Wazungu na Wahindi. Kumbe hivi Uzunguni, Uhindini na Uswahilini tunavyovitaja kama utani, mwenzetu alikaa ofisini akavichorea mipaka. Halafu njoo Sinza. Miaka ya 70 serikali kwa mkopo wa Benki ya Dunia ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ikachonga barabara, nyumba ukajenge mwenyewe kwa uwezo wako. Leo Sinza imejaa baa na magorofa lakini gari la taka bado linaingia, na mimi kabla ya masta sikuwahi kujiuliza linaingiaje.

Mwaka wa pili ndo fildi. Nikachagua mtaa mmoja juu ya bonde la Msimbazi, wale waliojenga kwanza na plani ikaja baadaye, na kusema ukweli Dar wengi tunaishi hivyo. Nikaingia na ramani ya setelaiti, futi kamba, na dodoso la kurasa nane ambalo nilikuwa najivunia sana. Sijauliza hata swali moja, nimetoa futi tu nipime kichochoro, mama mmoja aliyekuwa anakaanga mihogo akanyanyuka na mwiko wake, "mmekuja kutuwekea X?" Dar ukutani kwako ukiona X nyekundu ujue bomoabomoa inakuja, kwa hiyo ndani ya dakika tano nimeshazungukwa na watu na hakuna anayetaka kusikia habari za disatesheni. Aliyenitoa pale ni mjumbe, mzee mmoja mpole mwenye kofia, akasema huyu kijana wa chuo muacheni. Toka siku hiyo sikutembea tena bila yeye, na dodoso nikalipunguza likawa kurasa mbili.

Kile kichochoro kilikuwa mita moja kasoro. Jeneza linapita kwa kuinamishwa ubavu, mgonjwa anabebwa kwenye kiti mpaka kwenye lami. Gari la kunyonya vyoo ndo kabisa, linaishia barabarani, mpira haufiki, kwa hiyo mvua ikianza kunyesha watu wanatapisha, yaani wanafungulia shimo maji machafu yaende na mafuriko, na yanakoenda ni kwa wenzao wa chini bondeni. Kila mtu anajua nani katapisha, asubuhi wanasalimiana kama kawaida.

Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inaruhusu maeneo kama yale yarasimishwe, yaani yapimwe na kupangwa watu wakiwa humo humo, badala ya kubomolewa, sasa hapo ndo mikutano inapoanza. Wataalamu wakaja na barabara ya mita sita, watu wakaguna, ikashuka nne, wakaguna tena, ikafika tatu na nusu na hapo ni jioni ya mkutano wa tatu na kila mmoja anaitaka barabara ila ipite kwa jirani. Mimi nipo pembeni naandika. Yule mjumbe hakusema kitu, kesho yake nimemkuta na nyundo anavunja baraza lake mwenyewe, lile analokalia kila jioni, vumbi limemjaa mpaka kwenye kofia. Wiki ile wakafuata wanne. Yule wa mihogo hakufuata, ana shimo la choo pale pale njia inapotakiwa kupita, na kuchimba jingine ni hela ambayo hana, nikaandika ukurasa mzima juu ya shimo lile na supavaiza akauliza hili nalo ni matokeo ya utafiti? Nikamwambia ndiyo.

Mwezi uliopita nikasema ngoja nikamwangalizie shangazi kiwanja chake kabla wapimaji hawajafika. Nimefika Chanika na futi yangu, nikapima mara mbili nikidhani nimekosea. Ukuta wake mpya umekula njia mita moja na robo. Nikamwambia shangazi, hapa itabidi urudi nyuma. Akaniangalia, akaangalia futi, "kwa hiyo tumekusomesha uje unibomolee mimi?" Chai niliyokaribishwa sikuiona tena, na simu zangu mpaka leo anapokea mumewe.