Land Rover Yangu ya Tabora Ina Roho ya Suzuki

Wale wa mtaa wa Isevya hapa Tabora waliokuwa wakinicheka kwamba nimenunua skrepa, sasa wanaomba lifti. Basi ngoja niwaeleze.

Mzoga wa Land Rover fupi niliukuta nyuma ya ghala moja njia ya Urambo. Chesisi, yaani fremu ya chini inayobeba gari, ilikuwa imeliwa na kutu mpaka unaitoboa kwa bisibisi, lakini bodi nzima. Bodi za gari hizi ni aluminiamu, kwa sababu zilipoanza kuuzwa mwaka 1948 Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita. Mwenyewe alikuwa mbioni kuwauzia wanaoyeyusha masufuria. Nikampa laki kadhaa, akapokea huku akinionea huruma.

Chini nikaweka Suzuki Escudo fupi, toleo la kwanza lililotoka 1988. Kuna walionishauri nitafute kigari kidogo kinachonusa tu mafuta. Hawajui kwamba vigari vingi vya hivyo havina chesisi, bodi ndiyo uti wa mgongo. Escudo hiyo ina chesisi yake, bodi unainyanyua ukaiweka pembeni. Halafu sikilizeni: kati ya gurudumu la mbele na la nyuma Escudo ni milimita 2,200, Land Rover fupi 2,235. Sentimita tatu na nusu tu! Nikachonga kidogo upinde wa digadi la nyuma, lile bati linalofunika gurudumu, na hadi leo hakuna aliyegundua. Kuikalisha bodi kwenye chesisi sielezi, fundi yeyote anajua kutengeneza vikalio vyenye mipira.

Kilichonitoa jasho ni digadi la mbele kushoto, limebonyea na kuchanika. Fundi mmoja mwenye sifa kubwa mjini akasema, "Kaka, hiyo kazi ya dakika tano." Akawasha mashine yake ya kuchomelea kwa vijiti, cheche moja, tobo la kuingiza ngumi. Akajaribu kuliziba, likapanuka. Mwisho akasema bati langu ni feki! Kumbe aluminiamu haiwi nyekundu kwanza ndipo iyeyuke. Unaiona nyeupe ileile, ghafla inadondoka. Yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, wakati chuma huvuka 1,400.

Aliyeniokoa ni mzee anayetengeneza mabeseni na vibatari. Aliligonga digadi kwa ukucha, akauliza, "Mwanangu, una sabuni?" Nikadhani anataka kunawa. Kumbe sabuni ya mche. Akasugua kipande kikavu juu ya bati hadi likawa na utando, akapitisha tochi ya gesi upande wa chini, taratibu, bila kusimama mahali pamoja. Sabuni ikageuka kahawia, kisha nyeusi. "Hapo hapo, zima!" Bati lilipopoa likawa laini, unalikunja kwa mkono. Tukaliweka juu ya mfuko wa mchanga, tukaligonga kwa nyundo ya mti hadi mbonyeo ukatoka. Ukigonga sana linakakamaa tena, unarudia sabuni. Lile tobo tukalifunika kwa kiraka na riveti, mtindo wa gari lenyewe tangu kiwandani. Soda ndiyo malipo pekee aliyokubali.

Kila aluminiamu inapokutana na chuma niliweka kipande cha tyubu ya baiskeli, maana maji yakiingia kati yao aluminiamu ndiyo inayoliwa. Taa nimeziweka ndani karibu na shoo, ule wavu wa mbele, kama zilivyokuwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, ingawa vijana wanasema inaonekana imekodoa macho. Na rangi usipake moja kwa moja. Tafuta praima (rangi ya kutangulia) ya aluminiamu, ile ya chuma itabanduka mvua za kwanza tu.

Gharama? Milioni kadhaa, na mke wangu asisome hapa. Injini ni ileile ya Suzuki, ya lita 1.6, kwa hiyo kituo cha mafuta hawanizoei kama walivyowazoea wenye Land Rover halisi. Kuna mzoga mwingine njia ya Sikonge kwa anayetaka, ila milango nimeshaing'oa.