Nilivyowaelewesha wabunge bima ya afya kwa njiti za kiberiti

Nilipopangiwa kuishauri kamati ya bunge kuhusu muswada wa bima ya afya ya umma, kila niliyemuuliza alinipa ushauri uleule: wajaze takwimu, mbunge akiona namba nyingi habishi. Ushauri huo ulinipotezea miezi, na mpaka leo nikisikia mtu anampa mchambuzi mgeni maneno hayo damu inanichemka.

Niliufuata kweli. Ripoti kurasa 64, slaidi 40, grafu za kila rangi. Siku ya kikao niko slaidi ya tisa, Mwenyekiti akaniuliza kwa upole tu, "Mtaalamu, sasa unatushauri tupitishe au tusipitishe?" Nikaanza kujibu kwa "inategemea", waheshimiwa wawili wakashika simu zao, na ile ibara niliyokuwa naiogopa kuliko zote ikabaki vilevile. Ilisema mtu aliye nje ya ajira rasmi "anaweza" kujiunga. Neno moja hilo, na ukurasa wangu wa 41 ndio ulikuwa unalieleza, na hakuna aliyefika ukurasa wa 41.

Kwa bahati kikao kikaahirishwa kwa wiki tatu. Nikakaa nikajiuliza, hivi hili jambo ningemweleza vipi mtu ambaye hana muda na si mjinga? Maana hapo ndipo wachambuzi wengi wanapokosea, wanadhani mbunge haelewi. Anaelewa sana, ila ana miswada mingine mitano mezani na simu za wapiga kura haziishi.

Nikatengeneza kadi 12, moja kwa kila mjumbe, na vibiriti vya kutosha (gharama yake haifiki popote, sikuhesabu hata). Kwenye kila kadi nimeandika mtu: kijana mzima wa afya, matibabu yake kwa mwaka njiti 1. Kadi kama hizo sita. Tatu za watu wenye presha, njiti 4 kila mmoja. Mbili za wenye kisukari kilichoanza kuleta matatizo, njiti 9. Na moja ya mgonjwa wa figo anayesafishwa damu, njiti 24. Ukijumlisha zote unapata 60, gawa kwa watu 12, mchango ni njiti 5. Nikawapa kila mmoja rundo la njiti 25, nikasema waheshimiwa, hii ndiyo bima yetu, kujiunga ni hiari kama muswada unavyosema, angalia kadi yako uamue.

Vijana wazima sita wote wakatoka. Mmoja akasema, "Nilipe tano nitibiwe ya moja, kwa nini?" Ana haki kabisa. Sasa tumebaki sita na gharama ya 54, mchango ukawa 9. Wa presha wakaangalia kadi zao zimeandikwa 4, nao wakasukuma kadi katikati ya meza. Wakabaki watatu, gharama 42, mchango 14. Wa kisukari wakatazamana, wakatoka. Akabaki mheshimiwa mmoja pale mwisho wa meza na kadi ya figo, anatakiwa alipe 24 zake mwenyewe, yaani bima haipo tena. Chumba kikawa kimya. Akahesabu njiti zake pole pole akasema, "Kwa hiyo mimi nimeachwa." Dakika 20 hazikufika, na kazi yote ya kurasa 64 ikawa imekwisha.

Baada ya hapo maswali yakawa ya maana kweli. Mmoja akauliza mbona Ujerumani wana bima ya michango tangu 1883 na haijafa? Swali zuri mno, na jibu lake ndilo lililobeba kikao: wale walianza na wafanyakazi wenye mwajiri, sheria ikawalazimisha, mchango unakatwa kwenye mshahara kabla mtu hajaushika. Korea Kusini vivyo hivyo, 1977 walianza na kampuni zenye wafanyakazi 500 na zaidi, wakapanua kidogo kidogo mpaka 1989 ndipo wakawafikia wananchi wote, miaka 12. Sasa mkulima na mwendesha bodaboda unamkata wapi? Thailand waliliona hilo, sheria yao ya 2002 ikawabeba kwa kodi watu wote waliokuwa nje ya mifuko ya waajiriwa, na wakienda kutibiwa walikuwa wanalipa baht 30 tu. Ghana kwenye sheria ya 2003 waliweka tozo ya 2.5% kwenye bidhaa na huduma iende moja kwa moja kwenye bima. Nchi nne, dakika tano, bila slaidi.

Wala usidhani kulazimisha peke yake kunatosha. Sheria ikisema lazima halafu asiye na uwezo hana wa kumlipia, umeandika faini ya umaskini tu. Nililisema hilo wazi na nikarudia njiti: safari hii wote 12 wako ndani na marundo nimeyagawa bila kulingana, wenye rundo kubwa nimewaongezea mchango, wawili nimewapa rundo tupu na serikali, yaani mimi, nikawalipia. Mfuko ukasimama.

Mengine niliyojifunza ni haya. Anza kusoma muswada kwenye tafsiri ya maneno, kule mbele ambako watu wanaruka. Wetu ulitoza mchango kwa "kaya" bila kusema kijana wa miaka 25 anayeishi kwa wazazi ni kaya ya nani. Jenga urafiki na katibu wa kamati, yeye ndiye anajua ajenda inabadilika lini. Andika ukurasa mmoja, na kwenye huo mmoja weka pia hoja ya wanaokupinga, tena kwa nguvu yake yote, maana upinzani wakikuona mkweli nao watakupigia simu. Omba tathmini ya uhai wa mfuko, yaani hesabu za kama michango itatosha kulipa matibabu miaka inayokuja, kabla ya kuongea chochote kuhusu kitita cha mafao, yaani orodha ya huduma ambazo bima inalipia, kuongeza huduma ni rahisi kuliko kuzitoa. Na ongea na mhasibu wa hospitali, si mganga mkuu peke yake, mhasibu ndiye anajua madai yakichelewa kulipwa dawa zinaanza kukosekana wiki ya ngapi.

Ibara ikabadilishwa. "Anaweza kujiunga" ikawa "atajiunga", ikaongezwa ibara ndogo ya serikali kuwalipia wasio na uwezo, na chanzo cha fedha kikatajwa palepale badala ya kuachiwa kanuni za baadaye. Nililia kwenye gari, sioni aibu kulisema.

Ukitaka kulifanya zoezi hili kwenu, chukua namba zangu zilivyo, zinagawanyika vizuri. Ila ile kadi ya 24 usiigawe ovyo kama nilivyofanya mimi. Yule mheshimiwa alinifuata kwenye korido baada ya kikao akaniambia mama yake anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Hakunilaumu, lakini siku hizi namuuliza kwanza katibu nani ana mgonjwa nyumbani, na kadi hiyo naishika mwenyewe.