Siku moja maishani mwangu: mpiga besi wa kukodiwa, Kisumu

Saa 11 alfajiri. Kabla ya kunawa uso nabadilisha betri za chombo changu cha sauti. Ni 4 za AA, mpya. Zile za wiki iliyopita nazifunga kwa mpira, zitaenda kwenye tochi. Hapa Manyatta stima ipo, lakini ninakokwenda sijui nitakuta nini, na mimi kazi yangu ni kupiga gitaa la besi kwa kukodiwa: harusi, matanga, kanisa, hoteli za kando ya ziwa. Nikimwambia mtu hivyo, swali la pili huwa, "Na kazi unafanya wapi?" Kazi ndiyo hiyo. Mdogo wangu amemaliza sekondari kwa karo iliyotoka kwenye nyuzi 4 za besi.

Chombo ninachokiwekea betri ni Zoom B1 Four, kidude cha sakafuni cha kutengenezea sauti ya besi. Ukubwa wake ni kama kitabu cha nyimbo za kanisani, na ndani yake mna tyuna, kompresa ya kusawazisha nguvu ya noti, ikwalaiza ya kuinua na kupunguza sauti nzito na nyembamba, sauti za ampu (masanduku ya kukuzia sauti) za besi za aina kadhaa na midundo ya ngoma ya kufanyia mazoezi. Efekti 5, yaani vibadilisha sauti, zinaweza kufanya kazi kwa pamoja, na kuna nafasi 50 za kuhifadhi sauti ulizotengeneza. Mimi nina 4 tu ninazozitegemea, nimeziandika BENGA, RUMBA, SIFA na TUPU. Hizo nyingine sizigusi kazini. Mtu akikuona unazungusha vitufe mbele ya wageni, anajua hukujitayarisha.

Kinakubali adapta pia, ya volti 9, ile ambayo hasi iko katikati ya plagi. Nalieleza hili kwa sababu liliniuma. Adapta zilizojaa majumbani mwetu, za ruta na za dekoda, nyingi ni volti 12 na chanya ndiyo iko katikati. Chombo changu cha kwanza kilikufa hivyo, kanisani, mikononi mwa mtu mwema aliyetaka kunisaidia kuchomeka. Hata moshi haukutoka. Kilizima tu. Nilikaa miezi 5 nikipiga besi kavu huku nikiweka akiba. Siku hizi adapta yangu nimeizungushia utepe mwekundu, na nikiwa safarini naamini betri kuliko soketi ya mtu.

Saa 1 asubuhi niko Kondele, napanda matatu ya Maseno. Gitaa katikati ya magoti, chombo mkobani, nauli ya mtu mmoja. Mwenzangu mmoja ana ampu yake nzuri kabisa ya spika ya inchi 15, na kila kazi lazima akodi probox. Nusu ya malipo yake inaishia barabarani.

Bibi harusi ametuma wimbo anaoutaka jana saa 4 usiku. Nachomeka simu kwenye tundu la AUX, la kuingizia muziki wa nje, navaa hedifoni, natoa shingo ya gitaa nje ya mfuko kiasi cha kufikia nyuzi. Abiria wa pembeni hasikii kitu isipokuwa kucha zangu. Tukipita Kisian sehemu ya kwanza ninayo. Ile ya katikati inayogeuka ghafla naipiga polepole na kuirekodi ndani ya chombo chenyewe, ambacho kinanasa sekunde 30 na kuzirudia bila kuchoka, nami naisikiliza mpaka vidole vinaijua.

Saa 3 tumefika, tumefunga vyombo, tumekunywa chai.

Halafu mvumo. Nikichomeka tu, spika zinatoa mmmmmm, sauti ya nyuki ndani ya debe. Fundi wa sauti anasema ni besi yangu. Nazima chombo, mvumo uko palepale. Naye ameniletea kebo ya gitaa ya mita 20 kutoka jukwaani hadi kwenye miksa, imepita juu ya waya wa jenereta. Chombo changu kina tundu moja la kutokea, la jeki ya kawaida, hakina la XLR, lile la pini tatu kama la maikrofoni, na kebo ndefu ya namna hiyo hubeba kila uchafu inaopitia. Ndiyo maana natembea na boksi la DI, kidude kinachoiandaa sauti ya besi ipite kwenye kebo ndefu bila kuokota mvumo. Kebo fupi kutoka kwenye chombo hadi kwenye boksi, kisha kebo ya XLR hadi kwenye miksa. Kimya. Fundi ananitazama, halafu ananipigia saluti kwa vidole viwili.

Kwa mpiga besi jambo hili si la urembo. Umeme wetu ni wa herzi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde. Noti ya G kwenye uzi mzito, freti ya tatu, ni herzi 49. Zikikutana, noti yako inaanza kupumua, inapanda na kushuka kama kifua cha mgonjwa, na wageni wataona besi haiko sawa wasijue kwa nini. Nyimbo mbili za leo ziko katika G.

Saa 4 na nusu ndipo mwenyekiti wa kamati ya harusi alipokuja. Mzee nadhifu, koti la kijivu, daftari mkononi. Alikuwa anahakiki kila kitu kilicholetwa. Viti, tiki. Hema, tiki. Ngoma, kinanda, magitaa mawili, tiki. Akasimama mbele yangu.

"Kijana, besi iko wapi?"

"Ni hii, jaduong'," nikamjibu kwa heshima ya mzee wa Kiluo.

"Hiyo ni gitaa. Nauliza besi. Lile sanduku."

Nikamwonyesha chombo miguuni pangu. Aliinama, akakiokota, kebo ikachomoka, akakigeuza kutafuta kitu kwa chini. "Tuliandikiana besi na ampu," akasema. "Gitaa naliona, ampu siioni. Kamati haiwezi kulipia kitu ambacho hakikuja. Elfu moja itatoka hapo."

Malipo yangu ya siku ni 4,000.

Nikamweleza, pole pole, kwamba sauti ya ampu imo ndani humu na spika kubwa za jukwaa ndizo zinazoibeba. Akasema ujana wake alicheza dansi ya Shirati Jazz, ya D. O. Misiani, na besi ya siku hizo ulikuwa unaisikia tumboni kabla ya masikio. Hapo nilimwelewa, na kwa kweli nilimheshimu. Benga ni muziki uliotoka kwenye nyatiti, kinubi cha Waluo cha nyuzi 8, na mpiga besi wa benga hakai nyuma akihesabu. Anajibizana na gitaa la solo neno kwa neno. Mzee alikuwa anadai kitu cha haki. Kosa lake ni kukitafuta kwenye mbao.

Tena alikuwa amesimama nyuma ya spika, mahali ambapo besi ni ngurumo tu, noti hazitengani. Nikataka aisikie alipo mgeni. Lakini kebo yangu ni fupi, siwezi kumsindikiza huku napiga. Kwa hiyo nikapiga mzunguko mmoja wa benga, sekunde kama 20, nikaunasa, nikaacha chombo kiurudie, nikalaza gitaa kwenye kiti na kumshika mzee mkono hadi hema la akina mama. Huko besi ilikuwa inatembea vizuri ajabu. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa ameshaanza kutikisa mabega. Nikamtazama mwenyekiti.

Akageuka kulitazama jukwaa, akaliona gitaa limelala kwenye kiti, peke yake.

"Kumbe kinajipiga chenyewe," akasema. "Sasa wewe tunakulipia nini?"

Nikaeleza tena. Kwamba kinarudia nilichokilisha, hakiongezi hata noti moja. Kwamba mwimbaji akirudia kiitikio mara tatu badala ya mbili, kinaendelea na safari yake kama gari lisilo na dereva. Alisikiliza mpaka mwisho, akaandika kitu kwenye daftari, akaenda kwa watu wa sufuria. Saa nzima ya kazi yangu ilienda hapo, na mdomo wangu ulikuwa umekauka kuliko baada ya onyesho.

Bibi harusi alitazamiwa saa 5. Alifika saa 8.

Muda huo wote tulipiga. Wageni wako kwenye viti, huwezi kuwaacha na ukimya. Akina mama wa kanisa walikamata uongozi, wakawa wanaingia wimbo huu wakitokea ule bila kumtazama mtu, na ufunguo unapanda kila sauti zikipashwa moto. Hapo ndipo kazi ya besi ilipo: kusikia pumzi ya kiongozi kabla hajatamka, na kumwekea sakafu anapokanyaga. Niliacha BENGA nikaenda SIFA. Kompresa nimeipunguza humo, kwa sababu ikibana sana kila noti inakuwa na nguvu ileile na wimbo unakufa. Uwanja wazi nao hauna kuta za kurudisha sauti nzito, inapotea bure, kwa hiyo chini kabisa nimepunguza kidogo na kuinua karibu na herzi 800, ili noti iwe na uso. Vidole vya mkono wa kulia vilianza kuungua saa 7. Hakuna aliyeleta maji.

Alipoingia, nilikuwa na wimbo wake. Ile sehemu ya katikati inayogeuka tuligeuka naye, hatua kwa hatua, na akaangalia jukwaani akacheka. Nilisahau vidole.

Baada ya chakula nilipoteza hesabu ya saa. Mvua ya alasiri ilikuja kutoka upande wa ziwa kama kawaida yake, tukafunika miksa kwa nailoni. Jenereta likakata mafuta katikati ya benga, pale mwimbaji ananyamaza na magitaa yanakimbia. Spika zote kimya, kioo cha chombo changu bado kinawaka. Mpiga ngoma hakusimama, akina mama wakapokea kwa makofi. Umeme uliporudi niliingia palepale walipokuwa, na mtu mmoja aliyekuwa anacheza mbele kabisa na koti la kijivu limelowa mabegani alipaza mikono juu. Mwenyekiti. Alicheza mpaka mwisho wa wimbo macho amefumba.

Pesa ziliingia kwenye simu tukiwa kituo cha Maseno, giza limeshaingia. 3,000.

Nilikaa kiti cha nyuma nikamwandikia kiongozi wa bendi: kwenye makubaliano yajayo tuandike "besi na vifaa vyake vya sauti", neno ampu tulitoe. Akajibu sawa, kisha akaongeza kwamba mwenyekiti ameulizia tarehe ya Desemba kwa harusi ya mpwa wake, na ametaka mpiga besi awe yuleyule.

Saa 4 usiku niko nyumbani. Nafuta nyuzi kwa kitambaa kikavu, nakausha kebo moja moja, nafungua kifuniko cha betri nione kama maji yameingia. Hayakuingia. Kanisani wananitaka saa 2 asubuhi, nyimbo 6, na mbili ziko katika G.