Tulivyoigeuza nyumba ya shamba la karafuu kuwa makumbusho

Nyumba za mashamba ya Unguja zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na dari za boriti za mikoko. Yetu ilikuwa imepigwa plasta ya saruji baadaye, na ugonjwa ulianzia hapo. Jiwe la matumbawe lina chumvi na hunyonya maji kutoka ardhini. Saruji huyazuia yasitoke. Chumvi huganda nyuma ya plasta, huisukuma, na inapobanduka huondoka na uso wa jiwe.

Saruji tuliitoa kwa patasi na nyundo ndogo. Mashine hutikisa viungo vya udongo, usiitumie. Ukuta ukaachwa wazi tangu masika yalipokatika hadi kukaribia vuli. Plasta mpya: debe 1 la chokaa iliyozimwa na kulowekwa miezi 3, kwa madebe 3 ya mchanga usio na chumvi. Mchanga wa pwani hurudisha ugonjwa uleule. Kila tabaka lisizidi sentimita 1, lifunikwe magunia mabichi wiki nzima. Likikauka haraka hupasuka na kuwa unga. Juu yake ni chokaa tupu, kwani rangi ya plastiki huziba ukuta kama saruji.

Boriti huoza kwanza kwenye ncha zilizoingia ukutani, kwa hiyo zichome kwa bisibisi hapo, si katikati.

Chumba cha juu ndicho cha sanaa. Picha za Tingatinga nyingi ziko juu ya hadibodi, nayo hupinda ikinyonya unyevu. Hazigusi ukuta: zinaning'inia kwa waya kutoka kwenye papi ya mbao chini ya dari, na nyuma, pembe za chini, tumegundisha vipande vya koki (ile ya vizibo vya chupa) ili hewa ipite. Katikati ya picha iko mita 1.5 kutoka sakafuni. Mwanga usipite luksi (kipimo cha mwanga) 200 kwa rangi za mafuta, na 50 kwa kanga na picha za karatasi, maana hizo zikishapauka hazirudi.

Mikeka na makanda ya karafuu huja na wadudu. Tunavifunga kwenye nailoni, tunatoa hewa, tunaviweka kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki 2. Vikitoka, mfuko haufunguliwi hadi kesho yake: ukiufungua mapema umande hutua juu ya ukindu, na ukungu haukawii.