Mchezaji baleti akistaafu: kutunga dansi, kutunga hadithi

Pale Opera ya Paris, mchezaji baleti hustaafu akifika miaka 42. Kwingine goti huamua mapema zaidi. Wengi huhamia kutunga dansi, wachache huandika na hadithi, na kote huko wanakwama palepale: mwili unajua mambo ambayo mdomo haujawahi kuyasema.

Kwenye dansi, anza na hesabu. Muziki wa mapigo 120 kwa dakika, ukiuhesabu nane nane, unakupa nane 15 tu kwa dakika nzima. Kila nane iwe na mstari wake daftarini: nani yuko wapi, anaanza na mguu upi, uzito umeegemea wapi. Kosa kubwa ni kuutungia mwili wako wa zamani. Wewe ulizoea kuzungukia kulia. Aliye mbele yako ni wa kushoto, anayumba, nawe unamwona mvivu.

Usitegemee video peke yake. Inabeba hadi makosa ya mchezaji wa siku ile, na ukiitazama kutoka mbele, kulia kwake ni kushoto kwako. Maandishi ya Benesh, mfumo wa kuandika miondoko ya dansi wa mwaka 1955, yalikwepa hilo: mchezaji huchorwa kwenye mistari mitano kama ya muziki, akionekana kwa mgongoni.

Mkataba nao usomwe kabla ya mazoezi. Baada ya Martha Graham, mtunzi wa dansi wa Marekani, kufariki mwaka 1991, mahakama za Marekani ziliamua kwamba dansi zake nyingi ni mali ya kituo alichokianzisha mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mwajiriwa wake. Inauma, lakini ndivyo ilivyo.

Kwenye hadithi, kinachoharibu ni majina ya hatua. "Akapiga pirouette tatu" haimwambii kitu asiyecheza. Mpe kiatu, kile cha kusimamia ncha za vidole. Wengi hudhani ncha yake ni mbao, kumbe ni tabaka za kitambaa na karatasi zilizogandishwa kwa gundi. Mchezaji hukunja soli kwa mikono, hugonga ncha sakafuni ili isipige kelele jukwaani, hushona riboni mwenyewe. Jasho likiilainisha gundi, kiatu kimekufa, na kinaweza kufa usiku mmoja. Sasa mweke mhusika wako nyuma ya pazia: ncha imelegea, sehemu ya tatu inaanza baada ya dakika tano, na jozi ya pili haina riboni hata moja.